Window Mpya ya Mama Mkwe

Tangu nimuoe binti yake, mama mkwe wangu hajawahi kunilalamikia kwa jambo lolote. Nikiwasimulia wenzangu hapa Mbeya wananipongeza. Wanasema una bahati wewe, wengine wanahama mitaa kwa ajili ya mama wakwe. Mimi nageuza mazungumzo. Laiti angenilalamikia mara moja tu, hata kwa kumtuma mtu, leo nisingekuwa naogopa kupiga simu Iringa.

Inabidi nieleze tunavyoishi, asije mtu akadhani nimerukwa na akili. Mimi ni Mnyakyusa, nimekulia Tukuyu, na nyumba yangu iko Ilomba. Mke wangu ni Mhehe, na mama yake ni mjane anayekaa Kihesa, Iringa mjini. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kukaa naye mbali, na kwao pia ni hivyo hivyo. Hampeani mikono. Hamkai benchi moja. Akipita unampisha, na ukiongea naye macho yako yanatazama chini. Chumbani kwake hukanyagi, hata kama paka amefungiwa humo analia tangu asubuhi. Utamwita mwingine akamfungulie. Siku hizi vijana wamelegeza, wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, haya bwana, hongereni. Sisi wawili hatukulegeza. Yeye alizoea hivyo na mimi nililelewa hivyo, na niseme ukweli, nilikuwa naona raha. Heshima ya namna ile inakuepusha na maneno mengi.

Mama mkwe alikuwa karani wa shule ya misheni maisha yake yote ya kazi. Alianza na taipureta, akachapa mpaka vidole vikajua njia vyenyewe. Alipostaafu wakamuaga na kompyuta ya mezani ileile aliyokuwa akiitumia ofisini, pamoja na printa yake. Akaiweka chumbani kwake, juu ya meza ya marehemu mumewe, akaifunika kitambaa cha kufuma. Tangu hapo akawa katibu wa usharika. Ratiba za ibada, barua za mchungaji, maneno ya nyimbo za kwaya, na zaidi ya yote matangazo ya Jumapili, vyote vilitoka mikononi mwake.

Usiyadharau matangazo ya Jumapili. Nani anafunga ndoa, nani kafiwa, jumuiya ipi ina zamu ya usafi, mnada wa mavuno ni lini, Kihesa nzima inasubiri karatasi ya mama katibu. Yakianza kusomwa, yeye pale benchi la pili anamfuatilia msomaji kwa midomo, neno kwa neno, amkamate akiruka. Mke wangu aliniambia kwamba baba mkwe alipofariki, mama yake alikaa miezi hashiki chakula sawasawa, lakini matangazo hayakukosekana hata Jumapili moja. Ndiyo kazi iliyokuwa ikimtoa kitandani asubuhi. Hilo nilikuwa nalijua vizuri kabisa, na bado nikafanya nilichofanya.

Kwa kuwa mashine ilikuwa chumbani, sikuwahi kumwona akiitumia. Nilimsikia tu. Tukienda kumsalimia, nakaa sebuleni nakunywa chai, na kupitia pazia la mlango nasikia vidole vyake kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Hapumziki, harudii. Mimi nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja hapa Mbeya na sijui mwanafunzi wala mwalimu anayechapa vile, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

Kompyuta ile ilikuwa na window saba, mfumo wa miaka mingi iliyopita. Kupiga window, kama tunavyosema mafundi, yaani kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta, ni kazi ninayoweza kuifanya huku nakula. Mashine za watu wa Ilomba karibu zote zimepita mikononi mwangu. Ya mama mkwe sikuwahi kuigusa, kwa sababu haikuwahi kuharibika.

Sasa siku moja tumekaa sebuleni pale Kihesa, shemeji yangu, kaka yake mke wangu, akaanza utani wake. "Jamani, shemeji mtaalamu mzima, mama anatumia window ya enzi za Nuhu! Mganga hajigangi, au ndiyo ubahili wa Kinyakyusa?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mashemeji kazi yao ni kutaniana, na ningekuwa mtu mwenye kifua ningemrudishia lake yakaisha. Lakini mimi ni mtu wa kushika moto haraka. Utani ule uliniingia, ukakaa.

Nikamwambia mke wangu kwamba mashine ya mama lazima ipigwe window mpya.

"Mama hajasema ina tatizo," akasema. "Iache."

"Mfumo wa zamani hauna ulinzi tena. Virusi vitaingia."

"Vitaingilia wapi? Haina hata intaneti."

Nikamjibu kwa ukali kwamba yeye ni mshonaji, cherehani zake simwingilii. Akaniangalia, akasonya, akaenda kumwambia mama yake. Akarudi na jibu: "Mama anasema mkwe asijisumbue." Mtu yeyote mwenye masikio angeelewa. Mimi nikasema, unaona, anaona haya kunituma, na huku ndiyo kumjali mzazi.

Shemeji akaibeba mashine akaileta sebuleni. Nikachomeka flashi yangu yenye mfumo mpya kabisa, ule wa mwisho kutoka. Mfumo huo una tabia ya kuikagua kompyuta kabla haujaingia. Ukaikagua ya mama mkwe, ukaandika kwenye kioo wazi wazi kwamba kompyuta hii haikidhi vigezo. Mtu mwenye akili angeshukuru, akachomoa flashi yake, akaomba chai. Mimi nikaona nimedharauliwa mbele ya shemeji. Kuna njia ya kupita mlango wa uani, kila fundi anaijua: ule ukaguzi unauzima, mfumo unaingia bila kuuliza. Nikauzima. Nikaongeza na RAM, yaani kumbukumbu ya ziada, niliyokuwa nayo kwenye begi langu la kazi, nikasema kwa sauti, "Hapa imekutana na mwenyewe."

Huwa nafikiri kwamba siku ile mashine ndiyo iliyokuwa na ujasiri pale nyumbani. Iliona jambo haliwezekani, ikakataa, ikatoa na sababu. Mama mkwe hakuwa na pa kusemea.

Mafaili yake sikupoteza hata moja, hilo nilihakikisha. Lakini programu yake ya kuchapa, ile ya zamani ambayo vidole vyake viliijua, niliitoa nikaweka mpya, yenye vitufe vimepangana juu kama duka la vipodozi. Zile alama zake alizozipanga mwenyewe upande wa kushoto wa kioo, ibada hapa, kwaya hapa, vikao hapa, nikazifagia zote nikazitia kwenye folda moja nikaiita Kazi za Mama. Nikaweka na picha ya mlima. Printa yake mfumo mpya haukuitambua. Nikahangaika nayo hadi ikakubali kutoa karatasi moja, nikaridhika na hiyo moja. Kuwaka ilichukua muda mrefu, vidoti vinazunguka, vinazunguka, unaweza kwenda kuchota maji bombani ukarudi ukavikuta. Nikasema itachangamka yenyewe kadiri inavyotumika. Hakuna kompyuta inayochangamka yenyewe. Nilijua.

Lililobaki lilikuwa kukaa naye asubuhi moja, bega kwa bega, nimwonyeshe hiki kimehamia hapa, kile kinaitwa hivi. Mteja wangu yeyote nakaa naye. Lakini kukaa bega kwa bega na mama mkwe, mbele ya kioo kimoja, mkono wangu juu ya mausi na wake pembeni? Hata kuliwaza nilishindwa. Nikamwachia mke wangu amfundishe, naye alikuwa anafunga mizigo maana basi la Mbeya halisubiri mtu. "Mama atazoea," nikasema.

Nikasimama mlangoni, macho sakafuni. "Mama, mashine iko tayari. Sasa ni ya kisasa."

"Ahsante, mkwe wangu. Mungu akubariki kwa kunikumbuka," akasema, akapiga goti kidogo.

Tukaondoka. Nilifika Ilomba najiona mkwe wa kuigwa.

Kila nilipopiga simu baada ya hapo niliuliza habari za mashine. "Nzuri mno, mkwe. Inang'aa hiyo!" Hakusema zaidi, akahamia kwenye habari za mvua na wajukuu. Mimi nikaridhika, maana mtu akitaka kusikia sifa hahojihoji. Safari iliyofuata, mchungaji alinisimamisha nje ya kanisa, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Kumbe wewe ndiye mkwe wa kompyuta! Mama katibu anakusifu kwenye kila kikao." Wazee wa kanisa wakanigeukia kunisalimia kwa Kihehe, kamwene, kamwene, nami nikaitikia huku navimba. Mke wangu alikuwa pembeni, anatazama viatu vyake.

Halafu ukafika mwaka wa kipaimara cha mtoto wa shemeji. Tukafunga safari. Chimala basi liliposimama nikanunua mchele, kwa sababu mkono mtupu kwa wakwe haupendezi, na ndizi za Tukuyu nilikuwa nazo tayari. Tulifika Alhamisi. Kesho yake, Ijumaa, nyumba nzima ikawa kwenye maandalizi: kina mama wanachambua mchele, shemeji anashughulika na mbuzi. Mimi sikuwa na kazi. Nikaamua kwenda mjini kumnunulia mama mkwe mausi mpya, ile isiyo na waya. Kimbelembele changu kilikuwa hakijaisha.

Niliingia steshenari moja Miyomboni. Binti wa pale alikuwa anachapa kwa vidole viwili, anatafuta herufi moja moja, huku akitazama karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

"Kaka, nivumilie kidogo. Namalizia matangazo ya kanisa, mwenyewe anakuja kuyachukua sasa hivi."

Nikaitupia macho ile karatasi. Mwandiko ule naujua. Ni mwandiko wa karani, umesimama wima, kila mstari umepigiwa rula. Nimeuona kwenye kadi za harusi yangu mwenyewe.

"Ya kanisa la wapi hayo?"

"La Kihesa. Kuna mama mtu mzima, kila Ijumaa yuko hapa. Mstaarabu kweli, ila ana masharti yake. Jina la duka letu chini ya karatasi hataki. Na lazima tumtilie kwenye bahasha, tena tuifunge."

Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, tangu lini. Akasema tangu yeye ameajiriwa pale alimkuta, na alivyohesabu miezi yake kwa vidole, ilirudi karibu na ile safari yangu ya flashi.

Nilipogeuka nimwone nani, mama mkwe anavuka barabara. Kitenge chake cha kanisani, mwavuli kwapani, anatembea upesi upesi na kuangalia huku na huku kama mtu asiyetaka kuonwa na wa Kihesa. Mimi mwanaume mzima, mwalimu, baba wa watoto, nikajificha. Nikazunguka rafu ya madaftari nikainama, nikajifanya natafuta bahasha za chini.

Akasalimia kwa adabu, akafungua pindo la kitenge, akalipa. Akaisoma karatasi yote akiwa amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hapa umeandika jumuiya mara mbili. Na hapa jina la bwana harusi limekosa herufi."

Binti akashusha pumzi. "Bibi, si wataelewa tu?"

"Wataelewa. Lakini watasema ni mimi."

Binti akarudi kwenye kibodi, akaanza tena kuwinda herufi kwa vidole viwili. Mama mkwe akasimama nyuma yake akisubiri. Nikachungulia kati ya madaftari nikaona vidole vyake vimeshikilia ukingo wa kaunta, na vinatikisika kidogo kidogo, kila herufi ambayo yule binti hajaipata, yeye ameshaichapa pale kwenye ubao. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilitamani aniite jina baya mbele ya watu. Hakujua hata kama nipo.

Alipoondoka na bahasha yake nikatoka bila mausi. Nilimkuta mke wangu uani anaanika nguo, nikamwambia yote, hata kujificha.

Hakunifokea. Alining'iniza shati la mtoto, akalinyoosha, ndipo akasema, "Nilikuambia."

"Najua uliniambia."

"Hapana, hujui. Nilikuambia siku ileile. Nikasema haina intaneti." Akachukua nguo nyingine kwenye beseni. "Mimi nilihisi. Nikimuuliza anasema mashine nzuri, usije ukamwambia mume wako neno, atajisikia vibaya. Sasa kumbe analipa watu. Pensheni yenyewe ile."

Nikasema naingia ndani sasa hivi, namwomba radhi.

"Utamwambia umemwona? Miezi yote anajificha ili wewe usiaibike, halafu umwambie nilikuwa nyuma ya madaftari nakutazama? Utammaliza."

Alikuwa sahihi, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba yuko sahihi. Tukakubaliana uongo. Tutasema mfumo mpya umefika mwisho wa muda wake na haufai tena, kwa hiyo narudisha wa zamani. Neno la kitaalamu, nani atabisha?

Jumamosi asubuhi shemeji akaileta tena mashine sebuleni. Mama mkwe akakaa kigoda cha mbali karibu na mlango wa jikoni, mimi mezani, mke wangu katikati yetu. Tulikuwa tunasikiana vizuri tu, lakini mambo ya kudaiana na kuulizana kwetu yanapita kwa mtu.

"Mwambie mama, huu mfumo umeisha muda. Narudisha ule wa mwanzo."

"Mama, anasema umeisha muda."

"Oo! Mwambie pole kwa kazi. Lakini si ulikuwa mzuri?"

"Anasema si ulikuwa mzuri?"

Shemeji akacheka sana, akasema nyie mnatumia simu ya mezani ndani ya chumba kimoja. Hata mama mkwe akatabasamu nyuma ya pindo la kanga. Nikapiga window saba upya. Nikarudisha programu ya zamani. Nikauliza, kupitia mke wangu, alama zake zilikuwa zinakaa wapi, naye akajibu bila kufikiri: ya ibada juu kabisa, ya kwaya chini yake, ya vikao ya tatu, ya misiba pembeni peke yake kwa sababu ile hutakiwa haraka. Nikaziweka moja moja. Printa nikaichomeka, ikaamka mara moja. Mashine ikawaka kabla sijamaliza kunywa chai. Nikajisemea, basi, yamekwisha, kesho hatajua mtu.

Wakairudisha chumbani. Mama mkwe akaingia, akashusha pazia. Nikasikia kiti kinavutwa. Kisha zikaanza, zile bisi kwenye sufuria. Mke wangu alikuwa jikoni, akatokeza kichwa mlangoni tukaangaliana, macho yake yamejaa maji huku anacheka. Nilijua anachapa nini. Bahasha ya steshenari ilikuwa humo chumbani na nakala zote, kazi imeshalipiwa. Na bado alikuwa anayachapa matangazo upya, kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya muda pazia likafunguka. Akaja mpaka mezani kwangu, jambo ambalo si kawaida yake, akaweka karatasi moja mbele yangu na kurudi nyuma hatua chache.

"Mkwe, marehemu ndiye alikuwa ananisomea kabla hazijatoka. Leo nisomee wewe, macho yangu yamechoka."

Nikashika karatasi kwa mikono miwili. Ilikuwa safi, haina doa. Ibada ya kipaimara na majina ya watoto. Ndoa zitakazotangazwa. Mgonjwa wa kuombewa. Mnada wa mahindi. Halafu tangazo la mwisho, ambalo pale steshenari sikuwahi kulifikia:

"Mama katibu anawashukuru washarika wote kwa kumvumilia. Amemwomba mchungaji ruhusa ya kupumzika, naye mchungaji amekubali. Kuanzia Jumapili ijayo matangazo yatapokelewa na katibu mpya, kijana anayeimudu mitambo ya kisasa. Mama katibu anaomba radhi kwa makosa yote ya miezi hii ya karibuni."

Nikasoma tena. Aliniona nimekawia, akasema taratibu, "Nilimweleza mchungaji Jumatatu. Utaalamu umekwenda mbele, mkwe. Umri nao. Nisije nikawaharibia watu majina yao."

Mke wangu alikuwa anakatakata vitunguu jikoni, hakusikia. Tulikuwa wawili tu. Ilikuwa inatosha kusema: Mama, hukuchoka wewe, mashine niliiharibu mimi. Umeisikia leo inavyokwenda. Futa hili tangazo, mimi nitakwenda kwa mchungaji kabla jua halijazama, nimwambie. Maneno yote nilikuwa nayo, yamejipanga. Lakini nikaona na kesho: kanisa limejaa, wakwe wote, wazee walionishika mkono, shemeji na mdomo wake, mkwe wa kompyuta. Nikajiambia nisimuumbue mama wa watu, alishanificha, nimwache anifiche. Ulikuwa uongo. Niliyekuwa namwonea huruma ni mimi.

"Imekaa vizuri, mama," nikasema.

Hakuichukua karatasi. Alisimama palepale, na kwa mara ya kwanza tangu niingie ukoo ule, mama mkwe wangu aliniangalia usoni. Aliniangalia kwa utulivu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema.

"Hakuna cha kubadilisha?"

Nikainamisha macho chini, kama mkwe anavyotakiwa.

"Hakuna, mama."

"Haya. Ahsante, mwanangu." Akaichukua karatasi, akarudi chumbani kwake, na nikaisikia printa ikianza kutoa nakala.